Kuhamishia Linux kwenye diski kubwa zaidi

Diski ya kompyuta yenye Linux ikijaa, si lazima mfumo usakinishwe upya. Programu, mipangilio na kazi za mtumiaji zote ni faili. Hata keneli yenyewe ni faili iliyo ndani ya folda ya /boot. Kwa kuwa keneli hutambua vifaa upya kila kompyuta inapowashwa, mfumo mzima unaweza kuhamia diski nyingine na kuendelea na kazi.

Njia kuu ni mbili, na zote huanza kwa kuwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, ili faili zisibadilike wakati wa kunakiliwa. Njia ya kwanza ni kunakili diski nzima kwa programu ya dd. Chanzo hutajwa kwa if= na diski inayopokea kwa of=. Anayezipindua hufuta data yake mwenyewe, kwani dd haiulizi. Ndiyo maana kwanza hutumika lsblk kuhakiki jina na ukubwa wa kila diski, na faili muhimu huwekewa nakala mahali pengine.

Njia ya pili ni kutengeneza patisheni mpya na kunakili faili kwa rsync -aHAX, inayotunza wamiliki, ruhusa na viungo vya faili. Humpa mtu nafasi ya kubadili aina ya mfumo wa faili, lakini GRUB, programu inayouwasha mfumo, lazima isakinishwe upya kwenye diski mpya.

Linux hutambua patisheni zake kwa UUID, namba ya biti 128 iliyoandikwa katika /etc/fstab. Baada ya rsync, UUID ni mpya, hivyo husomwa kwa blkid na kuandikwa humo. Bila hivyo mfumo huenda usiwake vizuri. Baada ya dd, diski zote mbili hubeba UUID ileile, kwa hiyo ya zamani huchomolewa kabla ya kuwasha.

Aliyetumia dd kutoka gigabaiti 250 hadi terabaiti 1 atakuta mfumo bado unaonyesha 250. Nafasi ipo, ila haijatangazwa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni jedwali la patisheni: jedwali la aina ya GPT huweka nakala yake mwishoni mwa diski, na sasa nakala hiyo imekwama katikati; sgdisk -e huisogeza hadi mwisho. Ya pili ni patisheni, inayopanuliwa kwa growpart. Patisheni ya swap ikiwa imeziba njia mbele yake, hufutwa na kuundwa upya mwishoni. Ya tatu ni mfumo wa faili: ext4 hupanuliwa kwa resize2fs, na XFS kwa xfs_growfs ikiwa imepachikwa.

Jedwali la patisheni la kale, MBR, kwa sekta za baiti 512, halivuki takriban terabaiti 2.2; diski kubwa kuliko hapo huhitaji GPT.

Amri ya df -h huthibitisha ukubwa mpya. Diski ya zamani isifutwe mpaka mfumo uwake kutoka diski mpya na faili zifunguke.