Neno na Hesabu Katika Daftari Moja: Msaada na Hatari kwa Mtafiti

Utangulizi

Tasnifu nyingi za wanafunzi wetu siku hizi zina majedwali, wastani na asilimia. Mwandishi hutuarifu kwamba hesabu zilifanywa kwa kompyuta, naye mtahini hulazimika kusadiki, kwa kuwa hana njia ya kuona zilivyofanywa. Maelezo yamo katika karatasi. Hesabu ilikuwa katika mashine, na mashine imekwisha kuzimwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza chombo kilichobuniwa ili kuondoa utengano huo, yaani daftari la kompyuta, ambamo maneno ya mwandishi na amri za hesabu hukaa katika waraka mmoja. Tutaonyesha pia kwamba chombo hiki chaweza kushuhudia uongo kisipotumiwa kwa nidhamu.

1. Asili ya daftari hili

Kwa muda mrefu kazi mbili zilifanywa kwa programu mbili tofauti. Ya kwanza ni ya kuandikia nyaraka. Ya pili ni ya kujibizana na mashine: mtu huandika amri moja, mashine humjibu papo hapo, naye huandika nyingine kwa kadiri ya jibu alilopata. Njia hii ya pili yamfaa mchunguzi, kwa maana tangu mwanzo hajui ataishia kuuliza nini. Upungufu wake ni kwamba mazungumzo yakiisha, njia iliyopitwa husahaulika.

Mwaka 1984 Donald Knuth wa Marekani alitoa hoja kwamba programu iandikwe kwanza kwa ajili ya binadamu aisomaye, na ndipo kwa ajili ya mashine. Mwaka 1988 ilitolewa programu ya hisabati iitwayo Mathematica, ikiwa na daftari lake. Mwaka 2001 Fernando Pérez, mwanafizikia kutoka Kolombia, alianza IPython, chombo cha kujibizana na lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mwaka 2011 chombo hicho kilipata daftari, na mwaka 2014 kazi ilipanuliwa ikaitwa Jupyter, jina linalounganisha lugha tatu: Julia, Python na R. Wengine walianzia upande wa pili. Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya nyota, alianza mwaka 2003 mpango wa Org ndani ya programu ya kuandikia iitwayo Emacs. Baadaye wenzake wakauwezesha kuendesha amri za lugha nyingi ndani ya waraka. Hivyo hawa waliiongezea hesabu maneno, na wale waliyaongezea maneno hesabu, wakakutana njiani.

2. Namna lifanyavyo kazi

Daftari la Jupyter limegawanyika katika visanduku. Vingine ni vya maneno, vingine ni vya amri. Mwandishi akiruhusu kisanduku cha amri, amri hupelekwa kwa programu iliyo nyuma ya daftari, iitwayo kiini. Kiini huhesabu, na jibu huandikwa chini ya kisanduku hicho hicho, liwe namba, jedwali au mchoro. Chombo hiki hakiuzwi, na kikiisha kuwekwa katika kompyuta chaweza kufanya kazi pasipo intaneti.

Tuchukue mfano. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua kubwa ilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga. Tuseme mwanafunzi atokaye Miteja, kijiji cha Kilwa kilicho kando ya barabara hiyo, anataka kuandika juu ya mafuriko na maisha ya wakulima wa ufuta. Katika kisanduku cha kwanza aeleza namba za mvua alizipata wapi. Katika cha pili aamuru kompyuta izisome. Katika cha tatu aeleza kwa nini ameacha miezi ambayo vipimo vyake havikuandikwa. Katika cha nne apata wastani. Mtahini akiona kwamba ile miezi haikupaswa kuachwa, aweza kuirudisha mwenyewe na kuona kama hitimisho labaki au laanguka.

3. Kwa nini jambo hili ni la maana

Kadiri safari kutoka kipimo hadi hitimisho ilivyo ndefu, ndivyo msomaji ahitajivyo kuonyeshwa njia. Mfano mzuri uko karibu na Miteja. Katika miaka ya 2000 Paul Pearson na wenzake walichimba udongo wa kale katika maeneo ya Kilwa na Lindi. Ndani yake mna maganda ya viumbe wadogo wa baharini yaliyohifadhika vizuri mno. Mwaka 2009 walichapisha makadirio ya hewa ya ukaa iliyokuwako angani miaka ipatayo milioni 34 iliyopita. Walipima boroni katika maganda, wakakadiria uchachu wa bahari, na kutoka hapo hewa ya ukaa. Twaitaja kazi hii si kwa ajili ya chombo walichotumia kuandikia, bali kwa kuwa katika kila hatua ya namna hii mna uamuzi, na uamuzi usioonekana hauwezi kupimwa.

Daftari pia hukusanya watu. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Kiafrika liitwalo Masakhane lilianza kutengeneza tafsiri ya kompyuta kwa lugha za Afrika. Liliweka daftari moja la mfano; mtu alilifungua, akataja lugha yake, akafuata visanduku mmoja mmoja, akaleta matokeo. Hivyo hata asiyekuwa mtaalamu aliweza kuanza.

4. Hatari iliyofichika

Visanduku havilazimiki kuendeshwa kwa mfuatano wa juu kwenda chini, wala mara moja tu. Kiini hukumbuka kilichotendwa, si kinachoonekana. Tuseme kisanduku chageuza inchi za mvua kuwa milimita kwa kuzidisha kwa 25.4. Inchi 4 zawa milimita 101.6. Mwandishi akikiendesha tena kwa kusahau, zawa 2,580.64, ingawa katika waraka kuzidisha kwaonekana mara moja tu. Kosa hilo ni kubwa, kwa hiyo litagunduliwa. Lakini akifuta kisanduku ambacho kazi yake bado inakumbukwa na kiini, jibu laweza kuonekana la kawaida kabisa, wala hakuna awezaye kulipata tena.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2019 João Felipe Pimentel na wenzake walichapisha uchunguzi wa madaftari yapatayo milioni 1.4 yaliyokuwa hadharani. Katika yale waliyoweza kujaribu kuyaendesha upya, kama asilimia 24 tu yalifika mwisho bila kosa, na kama asilimia 4 tu yalitoa majibu yale yale yaliyoandikwa ndani yake.

Hitimisho

Tunapendekeza kanuni tatu kwa wanafunzi na wasimamizi wao. Kwanza, kabla ya kukabidhi daftari, kiini kizimwe na kuwashwa upya, na visanduku vyote viendeshwe kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Pili, namba za asili zikabidhiwe pamoja na daftari. Tatu, kila kisanduku cha amri kitanguliwe na maneno yasemayo kwa nini, si nini tu. Mfafanuzi wa Maandiko huweka matini mbele ya msomaji ili ufafanuzi wake upimwe kwayo. Mwenye hesabu naye asidai kuaminiwa kwa namna nyingine.