Cornelius Hawkins alipatikana mu vitabu vya parokia

Kutafuta babu aliyekuwa mutumwa Marekani kunachosha. Mu hesabu za watumwa za 1850 na 1860, serikali haikuandika majina yao: iliandika paka jina la bwana, kisha miaka ya mutumwa, mwanaume ao mwanamuke, na rangi. Wajukuu wengi wakifika pale, njia inafungwa.

Cornelius Hawkins yeye hakupotea. Na ajabu ni hii: waliotunza jina lake njo wale wale waliomuuza.

Mu 1838, Wayezuiti wa Maryland waliuza watu 272, hata watoto wachanga, kwa dolari 115 000. Chuo chao cha Georgetown kilikuwa na madeni. Cornelius, kijana wa miaka 13 hivi, alipelekwa mu mashamba ya Louisiana. Mapadri waliandika majina, sawa vile mutu anahesabu mali yake, na jina lake liko mule.

Utumwa ukafutwa mu 1865. Mu hesabu ya 1870 tunamuona tena: mulimaji, muke wake yuko, watoto wako, ni mutu huru. Kisha alibaki Mukatoliki, pamoja na yote aliyotendewa! Kwa vitabu vya Kanisa njo watafutaji walifikia wajukuu wake mu kamuji ka Maringouin. Kaburi lake liko kule mpaka leo, mu makaburi ya Wakatoliki.

Mu 2017 Wayezuiti waliomba musamaha pa Georgetown, mbele ya wajukuu wa wale 272.