Ukungu wa Tukuyu na lenzi inayomeza uwanja mzima

SAA 11 jioni ya Tukuyu siyo saa 11 jioni ya Dar es Salaam. Kwa Mkapa jua bado linachoma jukwaa la upande mmoja na watu wanajikinga kwa magazeti. Tukuyu, siku ya wingu, ukungu umeshateremka kutoka Mlima Rungwe, migomba imekuwa myeusi, na winga aliye upande wa pili wa uwanja unamtambua kwa mwendo wake, sio kwa sura.

Mechi nyingi zinaanza saa 10. Maana yake ni kwamba kipindi cha pili, chenye mabao ya jioni na presha za dakika za mwisho, kinapigwa wakati mwanga unaaga. Shabiki hana shida, anakunja koti na kuendelea kupiga kelele. Mwenye kazi ni mpiga picha aliyepiga magoti karibu na kibendera cha kona kwenye Uwanja wa Tandale. Bao likifungwa, wafungaji watakimbilia kwake. Ana sekunde tatu au nne. Akizikosa, hakuna marudio.

Ndiyo maana wapiga picha wa soka wanaihangaikia lenzi moja fupi, nene, yenye kioo kilichotuna mbele. Ni zumu ya pembe pana, ile ya milimita 16 hadi 35, au 14 hadi 24, inayofungua tundu lake hadi f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Kwa mashabiki wengi lenzi ya mpira ni lile bomba refu linaloonekana pembeni mwa uwanja kama mzinga. Hii fupi hawaijui. Lakini picha nyingi za shangwe wanazozitunza kwenye simu zao zimepigwa na lenzi fupi ya aina hiyo.

UBINGWA WA MDOMONI

Tukuyu ina sababu yake ya kulijali jambo hili. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ligi ikiwa bado inaitwa Ligi Daraja la Kwanza. Walikuwa wageni kwenye ligi, wametoka kupanda, na wakaondoka na taji mbele ya Simba na Yanga. Mpaka leo, ukikaa na wazee wa Rungwe na ukataja mpira, haichukui muda kabla mwaka huo haujatajwa.

Mwaka huohuo, Juni 29, Diego Maradona alibebwa mabegani kwenye Uwanja wa Azteca jijini Mexico City, Argentina ikiwa imeifunga Ujerumani Magharibi 3-2 kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Kijana wa Tukuyu aliyezaliwa miaka 20 baadaye anaifahamu sura ile: kombe juu, mdomo wazi, bahari ya vichwa chini yake. Ameiona kwenye fulana, kwenye kalenda, kwenye simu.

Ubingwa wa Banyambala kijana huyohuyo ameusikia zaidi kuliko alivyouona. Anajua hadithi, anajua majina, lakini muulize shangwe ile ilikuwaje, nani alikuwa anamkumbatia nani, watu walivaaje, anga lilikuwaje. Atakuelekeza kwa babu yake.

Kwa haki, wapiga picha wa wakati ule hawakuwa na nafasi kubwa. Filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36, kisha ufungue kamera na kubadili, mvua inyeshe isinyeshe. Na lenzi inayozungumzwa hapa ilikuwa bado. Canon ilitoa 20-35mm yenye f/2.8 mwaka 1989, Nikon wakaja na ya kwao ya vipimo hivyo mwaka 1993. Banyambala walikuwa wameshachukua kombe lao.

GETI LINAPOFUNGULIWA

Tuanze na hiyo f, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi iliyofunguliwa f/2.8 inapitisha mwanga mara mbili ya f/4, na mara nne ya f/5.6. Ni kama geti la uwanja siku ya dabi. Mlango mmoja ukiwa wazi, foleni inafika barabarani. Ikifunguliwa minne, watu wanaingia kabla filimbi haijapulizwa.

Sasa chukua jioni ya wingu. Ili mguu unaopiga mpira ugande kwenye picha, kamera inahitaji kasi ya sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, au zaidi. Tuseme kwa f/2.8 na kasi hiyo, ISO ya 1600 inatosha. Mwenye lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ambayo ukiivuta inafikia f/5.6, ana njia mbili. Apandishe ISO mpaka 6400, picha ijae chembechembe kama mchanga wa Matema. Au ashushe kasi mpaka moja ya 250, mguu wa mshambuliaji ugeuke moshi.

Hapo ndipo pesa ya lenzi inapokwenda. Mwenye f/2.8 hapigi picha nzuri zaidi saa nane mchana. Saa nane mchana kila mtu ni fundi. Tofauti inaanza pale mwamuzi wa akiba anaponyanyua kibao cha dakika za nyongeza na ukungu uko usawa wa mwamba wa goli.

Wapo watakaouliza, mbona simu zina lenzi pana, na namba yake ya f ni ndogo kuliko hiyo? Kweli. Lakini kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya simu ni kidogo mno ukilinganisha na cha kamera kubwa. Geti ni pana, uwanja wenyewe ni wa chandimu. Mchana simu inatamba. Jioni ya Tukuyu inaanza kubahatisha, uso wa mchezaji unakuwa kama umepakwa rangi ya maji.

MITA MBILI NA MITA ISHIRINI

Upana nao una masharti yake. Kwa milimita 16 kwenye kamera ya kipimo kamili, mchezaji wa urefu wa kawaida akiwa mita 2 kutoka kwenye lenzi, picha ikiwa imelazwa, anachukua zaidi ya nusu ya kimo chake. Akirudi nyuma mpaka mita 20, anabaki sehemu moja kati ya 17. Ni mchezaji yuleyule, jezi ileile, ila sasa ni punje ya mchele.

Kwa hiyo anayetaka kupiga kaunta inayoanzia katikati ya uwanja kwa lenzi hii anajisumbua. Kazi hiyo ni ya bomba refu, la 70-200 au zaidi. Wazoefu wanatembea na kamera mbili: moja ndefu mkononi kwa ajili ya mchezo, nyingine fupi ikining'inia begani kwa ajili ya kitakachowajia. Bao likiingia, ndefu inaachwa, fupi inapanda usoni. Kubadili lenzi katikati ya shangwe ni sawa na beki kufunga kamba za viatu wakati krosi inapigwa.

Faida ya lenzi pana ni kwamba inamchukua mtu pamoja na mahali alipo. Lenzi ndefu inamkata mfungaji na kumtenga, nyuma yake kila kitu kinayeyuka. Angeweza kuwa Tukuyu, angeweza kuwa Turin. Lenzi pana inamweka mfungaji mbele, mikono imetanuka, mate yanaruka, na nyuma yake mama aliyefunga khanga akirukaruka, bodaboda waliosimama juu ya pikipiki zao, migomba, na Rungwe yenyewe, mita zaidi ya 2,900, ikitokeza kichwa juu ya wingu. Mtu akiiona picha hiyo miaka 40 baadaye hahitaji maelezo chini yake.

Lakini kuna mtego. Pembeni mwa picha lenzi pana inavuta vitu. Mtu akiangukia kwenye kona ya picha, kichwa kinarefuka kama papai. Nahodha anayeshika kombe hataki kujiona hivyo. Kwa hiyo nyuso zinawekwa karibu na katikati, pembeni panaachiwa mikono, bendera na nyasi. Kamera nayo ishikwe sawa. Ikiinamishwa juu, nguzo za goli zinalaliana kama zimepigwa na upepo.

NYUMA YA NYAVU

Kazi nyingine ya lenzi hii ni ile isiyo na mtu. Kwenye mechi kubwa duniani, wapiga picha wanaweka kamera nyuma ya goli, chini kabisa, na kuipiga kwa rimoti kutoka walipokaa. Goli lina upana wa mita 7.32. Kamera yenye milimita 16 ikiwekwa mita 4 nyuma ya mstari, inalimeza lote na kubakiza nafasi. Kipa akichupa, mpira ukitikisa wavu, kila kitu kimo ndani.

Hapo hakuna muda wa kutafuta fokasi, na kamera ikiachiwa yenyewe inaweza kunasa kamba za wavu badala ya kipa. Fundi anaifunga kabisa. Kwa milimita 16 na f/2.8, fokasi ikiwekwa kwenye mita 3 hivi, vitu kuanzia mita moja na nusu hadi mlimani vinatoka vikiwa wazi vya kutosha kwa ukurasa wa gazeti. Anabandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye pete ya lenzi ili isisogee, anaondoka zake. Ni hesabu ileile inayomsaidia anaponyanyua kamera juu ya vichwa vya watu bila kuchungulia, wachezaji wamerundikana na yeye yuko nje ya rundo.

MVUA HAINA MSIMU

Tukuyu ni kati ya miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini. Chai na ndizi zinashukuru. Lenzi pana hailipendi jambo hilo hata kidogo. Bomba refu lina kofia ndefu ya plastiki inayozuia matone. Lenzi pana kofia yake ni fupi, maana ikirefushwa yenyewe itaonekana kwenye picha. Tone moja kwenye kioo, kwa upana ule, linaharibu uso wa mtu mzima.

Mbinu zake ni za kawaida, hazihitaji chuo. Lenzi inaelekezwa chini mpaka mpira ukaribie. Kitambaa kikavu cha pamba kinakaa mfuko wa ndani, sio wa nje. Mfuko wa nailoni unakatwa tundu na kufungwa kwa raba bendi. Zile 16-35 zinazovaa filta, kioo cha ziada cha mbele kinawekwa mapema. Kwa lenzi za Canon za daraja la juu, hicho ndicho kinachokamilisha kinga dhidi ya maji na vumbi. Nikon 14-24mm ya mwaka 2007 haina nafasi hiyo, kioo chake kimetuna mno kwa filta ya kawaida ya kufunga kwa kuzungusha. Mwenye nayo anaomba Mungu na kufuta mara nyingi.

Kuna na mvuke. Lenzi ikikaa begani, kwenye baridi, halafu ikaingizwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo chenye joto la wachezaji 20 waliotoka kushinda, kioo kinaota umande papo hapo. Nahodha anaimba, picha ni ya ukungu. Aliyezoea anaificha kamera ndani ya koti dakika kadhaa kabla ya filimbi ya mwisho, ipate joto la mwili wake.

BEI NA UJANJA

Lenzi hizi mpya sio za mshahara mmoja. Kijana wa wilayani mwenye kamera ya kipimo kidogo ana njia za kuzunguka. Tokina 11-16mm ya f/2.8 imekuwapo tangu 2008 na inapatikana iliyotumika. Sigma walitoa 18-35mm ya f/1.8 mwaka 2013, yenye tundu kubwa kuliko zote hizo, ingawa sio pana sana kwa kamera hizo na ni nzito mkononi. Kwa wenye Sony, Tamron 17-28mm ya 2019 ni nyepesi, haifiki nusu kilo, tofauti na Nikon ile ya karibu kilo nzima.

Wengine wanachanga. Lenzi inanunuliwa na wapiga picha watatu, Jumamosi inaenda harusini Kiwira, Jumapili iko uwanjani. Sio aibu. Hata jezi za mtaa zinachangwa.

Na kabla ya lenzi kuna kiatu. Lenzi pana humlazimisha mwenye kamera kusogea, kujua nani anapenda kukimbilia kona ipi, kocha gani anaruka na yupi anakaa kimya. Asiyeujua mpira atapata picha pana ya nyasi.

Siku timu ya Rungwe itakaponyanyua tena kombe, huenda itakuwa jioni, na huenda wingu litakuwa limeshuka kama kawaida yake. Wachezaji watamkimbilia yeyote aliye karibu na kibendera. Huyo awe amechaji betri, kitambaa kiko mfukoni, tundu liko f/2.8 na zumu imerudishwa 16, ili safari hii babu asibaki shahidi peke yake.