Tuusikilize Kwanza

Mwezi wa Novemba 1978, bendi ya roki ya Queen, ya Uingereza, ilitoa santuri iitwayo Jazz. Wimbo wa kwanza katika santuri hiyo ni Mustapha, uliotungwa na kuimbwa na Freddie Mercury. Mwimbaji huyo alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, na wazazi wake, ambao walikuwa Waparsi, walimpa jina la Farrokh.

Santuri hiyo ilishutumiwa vikali katika jarida la Rolling Stone la Marekani. Na kwa kuwa mtupa jongoo hutupa na mti wake, Mustapha nao uliwekwa kando. Wengi waliuona kuwa ni mzaha tu, wakakimbilia nyimbo zilizofuata. Lakini baada ya miaka mingi washabiki wa Queen wameanza kuurudia, na wapo wanaokiri kwamba waliuhukumu kabla hawajausikiliza.

Wimbo huanza kwa sauti moja pekee, isiyo na ala, ikiita kwa mvuto mrefu. Kisha ngoma na magitaa huingia kwa kishindo. Maneno yake ni mchanganyiko wa Kiingereza, Kiarabu na mengine ya kubuni, na ndani yake limo jina la Mwenyezi Mungu. Kwa sababu hiyo, watakuwapo miongoni mwetu watakaoona kuwa hiyo ni dhihaka. Wana haki ya kuona hivyo, madhali wameusikiliza.

Hata hivyo, mtu wa visiwani ana sikio ambalo mhakiki wa ng'ambo hana. Mtoto aliyekulia Mji Mkongwe, awe wa dini yoyote ile, huisikia adhana alfajiri, kengele ya kanisa la Mkunazini, na taarabu ikitoka dirishani kwa jirani. Farrokh alipelekwa India kusoma, akarejea mwaka 1963, na mwaka uliofuata akahamia Uingereza pamoja na jamaa zake. Si lazima tudai kuwa Mustapha ni wimbo wa Zanzibar. Linalotosha ni kutambua kwamba mlio uliowashangaza wageni kwetu si mgeni.

Tangu mwaka 2019 yapo makumbusho ya mwimbaji huyo mtaani Shangani, na watalii huyazuru. Ni jambo jema. Lakini heshima ya mwanamuziki haikamiliki kwa picha ukutani. Hukamilika kwa kusikilizwa, hata katika kazi zake zisizopendwa.

Hapa pana funzo kwa viongozi waliokabidhiwa amana ya sauti zetu wenyewe. Visiwa hivi vina historia ndefu ya muziki. Kikundi cha Ikhwani Safaa peke yake kiliasisiwa mwaka 1905. Inapofika siku ya kuchagua ukanda upi uhifadhiwe na upi uachwe, ni rahisi kuuokoa wimbo unaopendwa na kuusahau ule uliopigwa mara moja tu. Tunawaomba wasifanye hivyo. Wimbo uliokataliwa leo huenda ukampata msikilizaji wake baada ya miaka arobaini. Mustapha umempata wake kwa sababu santuri ilikuwapo. Ukanda uliokwisha kufutwa hauna wa kuurudia.