Mwaka mmoja ulivyoamua mipaka ya Kitui na Makueni

MKAZI wa Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, akitaka kufika makao makuu ya kaunti yake hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 100 hadi mjini Kitui, akiupita mji wa Mwingi njiani. Ng'ambo ya Mto Athi, wakazi wa Makueni, kaunti ambayo ukubwa wake haufiki thuluthi moja ya ule wa Kitui, wana gavana wao, bunge lao na mgao wao wa fedha za umma. Tofauti hiyo haikutokana na wingi wa watu wala ukali wa ukame. Ilitokana na mwaka ulioandikwa katika sheria.

Ili kuelewa jambo hilo, ni vyema kuanza na ardhi yenyewe. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, nayo Makueni ina takriban kilomita za mraba 8,000. Katika sensa ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Kwa hivyo idadi ya wakazi inakaribiana, lakini wa Kitui wametawanyika katika eneo kubwa mno, na sehemu ya kusini ya kaunti hiyo imo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Tsavo Mashariki.

Mto Athi ndio mpaka wa asili baina ya kaunti hizi mbili. Upande wa Kitui, sambamba na mto huo, imelala Nyanda ya Juu ya Yatta, ambayo ni mabaki ya mtiririko wa lava wenye urefu wa takriban kilomita 300, mojawapo ya mirefu zaidi duniani. Upande wa Makueni kuna milima ya Mbooni na Kilungu yenye hali ya hewa ya kupendeza, kisha ardhi inateremka kuelekea Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, ambako joto ni kali na mvua ni haba. Reli na barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa hupitia sehemu hizo.

Mto huo hutenganisha na pia huunganisha. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, liko mahali ambapo Mto Thwake unaingia katika Athi, na limekusudiwa kuwafaa wakazi wa pande zote mbili.

Wakati wa ukoloni, sehemu kubwa ya Ukambani iligawika katika wilaya mbili, Machakos na Kitui. Makueni ilikuwa chini ya Machakos. Baada ya uhuru, wilaya hizo zilikuwa katika Mkoa wa Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Embu na ambao ulienea hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa muda mrefu serikali ilikuwa fimbo ya mbali kwa wengi wa wakazi hao.

Mwaka 1992, Makueni ilitengwa na Machakos ikawa wilaya kamili, makao yake makuu yakiwa Wote. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya wilaya na mikoa iliyozitambua wilaya 46 pamoja na eneo la Nairobi. Makueni ilikuwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata, 1993, Mwingi nayo ilimegwa kutoka Kitui ikawa wilaya, ikapata mkuu wake na ofisi zake. Hata hivyo, haikuingizwa katika sheria ile.

Wakati huo wachache waliliona jambo hilo kuwa na uzito. Wilaya mpya ziliendelea kutangazwa na serikali kila pembe ya nchi, hasa tangu mwaka 2007, hadi zikapita 200. Ndipo Kyuso na Mutomo zikawa wilaya upande wa Kitui, nazo Mbooni, Nzaui na Kibwezi zikawa wilaya upande wa Makueni. Mwaka 2009, Mahakama Kuu iliamua kuwa wilaya halali ni zile tu zilizotajwa katika sheria ya mwaka 1992.

Katiba iliyoidhinishwa Agosti 2010 ilifuata mkondo huo huo. Kaunti 47 zilizoorodheshwa katika jedwali lake la kwanza zinalingana na wilaya 46 za mwaka 1992 pamoja na Nairobi. Hivyo basi Makueni, iliyozaliwa mwaka 1992, ikawa kaunti. Mwingi, iliyozaliwa mwaka 1993, ikarudi kuwa sehemu ya Kitui.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika fedha. Kanuni ya kwanza ya kugawa mapato baina ya kaunti ilitenga asilimia 25 igawanywe sawasawa kwa kaunti zote, asilimia 45 ifuate idadi ya watu, asilimia 20 ifuate umaskini, na asilimia 8 pekee ifuate ukubwa wa eneo. Kwa hivyo kaunti yoyote ilipata fungu lake la usawa kwa sababu tu ni kaunti. Makueni ilipata fungu hilo. Kitui na Mwingi kwa pamoja zilipata fungu moja. Si ajabu kwamba wito wa kutaka Mwingi iwe kaunti umesikika mara kwa mara.

Leo Kitui ina maeneobunge manane: Mwingi Kaskazini, Mwingi Magharibi, Mwingi ya Kati, Kitui Magharibi, Kitui Mashambani, Kitui ya Kati, Kitui Mashariki na Kitui Kusini, yenye jumla ya wadi 40. Makueni ina sita: Mbooni, Kilome, Kaiti, Makueni, Kibwezi Magharibi na Kibwezi Mashariki, yenye wadi 30.

Jambo linalowatatiza wananchi wengi ni kwamba ngazi za utawala ni mbili, na kila moja ina njia yake. Serikali ya kitaifa ina kamishna wa kaunti, naibu wake katika kila kaunti ndogo, kisha tarafa, chifu wa lokesheni na naibu wa chifu. Hawa hushughulikia usalama, na kwao ndiko mwananchi huanzia anapotafuta kitambulisho. Serikali ya kaunti ina gavana, madiwani, msimamizi wa kaunti ndogo na msimamizi wa wadi. Hawa ndio wa kuulizwa kuhusu zahanati, maji, kilimo, shule za chekechea na barabara za mashinani.

Aidha, neno "kaunti ndogo" lina maana mbili. Kwa serikali ya kaunti, kaunti ndogo hulingana na eneobunge. Kwa serikali ya kitaifa, kaunti ndogo ni nyingi zaidi, kwani nyingi za wilaya zilizokataliwa mwaka 2009 zilihifadhiwa kwa jina hilo jipya.

Makueni imejaribu kuisogeza serikali karibu zaidi. Wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, mikutano ya kupanga bajeti iliandaliwa kuanzia kijijini, kisha kundi la vijiji, wadi, kaunti ndogo, hadi kaunti nzima.

Je, mipaka yaweza kubadilishwa? Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka kwanza tume huru ipendekeze mabadiliko. Kisha yaungwe mkono na angalau thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349, na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti, yaani 32 kati ya 47. Kuunda kaunti ya 48 ni kazi ngumu zaidi, maana orodha ya kaunti imo ndani ya Katiba yenyewe, nayo italazimika kurekebishwa. Hadi hilo litakapofanyika, mkazi wa Tseikuru ataendelea kuupita mji wa Mwingi akielekea Kitui.