Kiswahili kama Nyenzo ya Kufundishia Teknolojia na Usanifu katika Shule za Sekondari: Mfano wa Nakivale na Mbarara, Uganda

Ikisiri

Mjadala kuhusu nyenzo za kufundishia Teknolojia na Usanifu katika shule za sekondari nchini Uganda hujikita katika uhaba wa karakana, zana na malighafi. Makala haya yanafafanua nyenzo nyingine isiyotajwa sana, yaani lugha inayotumiwa kuzitaja zana, kueleza hatua za kazi na kutoa tahadhari. Kwa kuangazia makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji jirani la Mbarara, makala yanaonesha kwamba sehemu kubwa ya msamiati wa ufundi wa Kiswahili tayari imo midomoni mwa mafundi na wanafunzi wengi, ilhali msamiati wa usanifu, yaani wa kuwaza, kuchora na kutathmini, bado haujaota mizizi. Makala yanapendekeza njia za gharama ndogo za kuunganisha masomo haya mawili bila kuvuruga nafasi ya Kiingereza katika mitihani.

Maneno muhimu: Teknolojia na Usanifu, nyenzo za kufundishia, istilahi, wakimbizi, Uganda

1.0 Utangulizi

Mtaala wa sasa wa ngazi ya chini ya sekondari nchini Uganda, uliotayarishwa na Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala, ulianza kutekelezwa mwaka 2020. Umejengwa juu ya umahiri: mwanafunzi hatarajiwi kukariri tu, bali kuonesha anachoweza kufanya kwa maarifa aliyoyapata. Kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala huo lilifanya mtihani wa kitaifa mwaka 2024, ambapo tathmini endelevu ya shuleni ilihesabiwa asilimia 20 na mtihani wa mwisho asilimia 80.

Mambo mawili katika mtaala huo yanahusu makala haya. Kwanza, Teknolojia na Usanifu ni miongoni mwa masomo ya kuchaguliwa, na hukusanya pamoja maarifa ambayo awali yalifundishwa katika masomo tofauti kama useremala, ufundi chuma na uchoraji wa kiufundi. Pili, Kiswahili kiliwekwa miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Masomo haya yamo katika ratiba moja, lakini hayajakutanishwa. Kiswahili hufundishwa kama lugha ya kusoma na kuandika insha. Teknolojia na Usanifu hufundishwa kwa Kiingereza kana kwamba hakuna lugha nyingine darasani. Makala haya yanashikilia kwamba utengano huo una gharama, na kwamba gharama hiyo huonekana wazi zaidi mahali ambapo darasa lina lugha nyingi.

2.0 Muktadha wa Nakivale na Mbarara

Makazi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe zaidi barani Afrika. Leo yanahifadhi zaidi ya watu 100,000, wengi wao wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Burundi, Somalia, Rwanda na nchi nyinginezo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na watoto wao husoma pamoja na watoto wa wenyeji wanaozungumza Kinyankole. Darasa moja, kwa hiyo, linaweza kuwa na Kinyankole, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kiswahili cha mashariki ya Kongo.

Mbarara, ambayo ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ndiyo soko na kituo cha elimu cha eneo hilo. Pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Pana pia mafundi wa mitaani: maseremala, wachomeleaji wa milango na madirisha ya chuma, na mafundi wa magari. Bidhaa, vipuri na watu husafiri kati ya Mbarara na Nakivale, na katika safari hizo Kiswahili husikika sana, kwa kuwa ndicho kinachomwezesha muuzaji wa mbao asiyejua Kirundi kuelewana na mteja asiyejua Kinyankole.

3.0 Nyenzo ni vitu, watu na maneno

Fikra iliyozoeleka huona nyenzo kuwa vitu: meza ya kazi, jiliwa, misumeno, randa na vifaa vya kuchorea. Bila shaka vitu hivyo ni muhimu, na shule isiyo navyo haiwezi kudai inafundisha ufundi kikamilifu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya somo la usanifu haihitaji mashine. Mwanafunzi anaweza kutengeneza kielelezo cha daraja kwa mianzi na kamba, cha paa kwa karatasi ngumu, cha jiko linalookoa kuni kwa udongo wa mfinyanzi, na cha chombo cha kunawia mikono kwa dumu lililotumika. Tatizo la kila moja ya kazi hizo hupatikana Nakivale kwenyewe: kuni ni haba, maji huchotwa na kubebwa kwa madumu, na nyumba hujengwa kwa nguzo, udongo na maturubai. Somo linalotaka mwanafunzi abaini tatizo la jamii yake halina haja ya kuagiza tatizo kutoka mbali.

Aina ya pili ya nyenzo ni watu. Miongoni mwa wakimbizi wamo maseremala, mafundi cherehani, wahunzi na waashi walioufanya ufundi huo kabla ya kukimbia makwao. Fundi wa aina hiyo anaweza kumwonesha mwanafunzi namna ya kushika patasi kwa usahihi kuliko kitabu chochote. Kinachomzuia kuingia darasani mara nyingi si ujuzi bali lugha, kwa kuwa anaulizwa kwanza kama anajua Kiingereza.

Aina ya tatu ni maneno yenyewe. Mwalimu anayesema jina la zana ambalo nusu ya darasa hawajalisikia amepoteza dakika za kazi kabla kazi haijaanza. Kinyume chake, mwalimu anayeweza kuunganisha jina la Kiingereza na jina ambalo mwanafunzi tayari analo amepata nyenzo isiyonunuliwa wala kuibwa.

4.0 Msamiati uliopo tayari

Msamiati wa karakana ni miongoni mwa sehemu za Kiswahili zinazodhihirisha historia ya mikutano ya watu. Neno lenyewe karakana lina asili ya Kiajemi, parafujo limetoka Kireno, na spana limetoka Kiingereza. Mengine yameundwa kwa mali ya ndani ya lugha, kama pimamaji, neno ambalo mtu akilisikia huweza kukisia kazi ya kifaa chenyewe. Katika vyuo vya ufundi stadi nchini Tanzania na katika karakana za jua kali nchini Kenya, msamiati huu hutumika kila siku.

La muhimu zaidi kwa Nakivale ni kwamba baadhi ya maneno hayo yanapatikana, kwa sura zinazokaribiana, katika lugha zote kubwa za darasa. Mswahili husema nyundo, Mnyarwanda na Mrundi husema inyundo, na Mnyankole husema enyondo. Msumari huitwa umusumari kwa Kinyarwanda na Kirundi, na kwa kuwa chimbuko la neno hilo ni Kiarabu, hata mzungumzaji wa Kisomali hukutana na neno linalofanana na lake. Mwalimu akianza na maneno ya aina hii, wanafunzi hugundua kwamba hawakuja darasani mikono mitupu.

Tofauti zipo pia. Mwanafunzi aliyelelewa Kivu anaweza kuzijua zana kadhaa kwa majina yaliyotoholewa kutoka Kifaransa, ilhali yule aliyeishi Tanzania anazijua kwa majina ya Kiswahili sanifu. Tofauti hizo hazipaswi kuchukuliwa kuwa makosa ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Zinaweza kuorodheshwa kando kwa kando, na kazi ya kuziorodhesha ikawa zoezi halali la somo la Kiswahili.

5.0 Pengo la istilahi za usanifu

Iwapo majina ya zana ni mengi, istilahi za kuwaza kuhusu kazi ni chache na hazijatulia. Mfano wa kwanza ni jina la somo. Neno usanifu hutumika kwa maana ya kupanga umbo la kitu kabla ya kukitengeneza, kama katika usanifu wa majengo. Lakini kivumishi sanifu, kama katika Kiswahili sanifu, humaanisha kilichokubaliwa kuwa kigezo. Neno ubunifu husisitiza upya wa wazo, na muundo husisitiza namna sehemu zilivyoungana. Mwanafunzi anayetumia maneno haya matatu kana kwamba ni kitu kimoja hawezi kueleza tofauti kati ya wazo jipya, mpango wa kulitekeleza na umbo la kitu kilichokamilika. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo.

Hali ni hiyo katika maarifa ya nguvu zinazotenda kazi ndani ya vitu. Maneno mvutano, mgandamizo na mkazo yanapatikana katika fizikia ya Kiswahili, na kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilionesha mapema kwamba uundaji wa istilahi za sayansi unawezekana. Hata hivyo, mkazo hutumika pia katika isimu kwa maana ya kutilia nguvu silabi. Mwanafunzi anayelisikia neno hilo asubuhi katika Kiswahili na mchana katika karakana anahitaji kuelezwa kwamba ni neno moja lenye kazi mbili.

Pengo hili haliwezi kuzibwa na orodha peke yake. Istilahi hukomaa inapotumika katika kazi. Hatua za usanifu, yaani kubaini tatizo, kuchunguza mahitaji ya mtumiaji, kubuni njia mbalimbali, kuchora, kutengeneza, kujaribu na kutathmini, zote zinaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida. Zikitumika mara kwa mara katika daftari la kazi la mwanafunzi, vitenzi hivyo huwa istilahi bila kutangazwa.

6.0 Lugha ya usalama

Kuna sehemu moja ya somo ambayo haivumilii ucheleweshaji wa tafsiri. Katika karakana, tahadhari lazima ieleweke papo hapo. Onyo la kuzima mashine, kuvaa miwani, kutoigusa chuma iliyotoka kulehemiwa au kuelekeza makali ya patasi mbali na mkono linaloshikilia mbao ni onyo la sekunde moja. Mwanafunzi anayelazimika kulitafakari amekwisha kuumia.

Kwa sababu hiyo, lugha ya usalama ndiyo mahali pa kuanzia. Mabango ya tahadhari yenye mchoro, Kiingereza, Kiswahili na Kinyankole ni ya gharama ndogo, na hayagusi mtihani. Hata shule inayosita kuhusu matumizi ya Kiswahili katika masomo mengine haina hoja ya kuyakataa.

7.0 Hoja pinzani

Hoja tatu huibuliwa dhidi ya mwelekeo huu. Ya kwanza ni kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na makala haya hayapendekezi vinginevyo. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeelewa dhana kwa lugha anayoijua hubakiwa na kazi moja ya kujifunza jina lake kwa Kiingereza. Asiyeielewa hubakiwa na kazi mbili. Aidha, sehemu ya tathmini endelevu hutokana na shughuli na miradi ambamo mazungumzo ya kikundi hutangulia maandishi.

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili kitampendelea mkimbizi kutoka Kongo na kumwacha nyuma mtoto wa Kinyankole. Hoja hii ina uzito. Nchini Uganda Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu taswira ya lugha ya askari, na familia nyingi za magharibi hazikitumii nyumbani. Jibu lake ni kukiweka Kiswahili kando ya Kinyankole badala ya kukiweka juu yake. Pale ambapo mtoto wa mwenyeji anajifunza neno la Kiswahili na mtoto wa mkimbizi anajifunza neno la Kinyankole mbele ya benchi moja, hakuna mgeni wa kudumu.

Hoja ya tatu ni uhaba wa walimu wa Kiswahili. Uhaba huo upo, lakini ni sababu ya kuwatumia vizuri waliopo, sio sababu ya kuwafungia ndani ya sarufi na insha.

8.0 Mapendekezo

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Ili uamuzi huo upate maana nje ya somo la lugha, mambo yafuatayo yanafaa kuzingatiwa.

Kwanza, Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala kiandae faharasa fupi ya Teknolojia na Usanifu yenye michoro ya zana, ikiwa na Kiingereza, Kiswahili na nafasi tupu ambayo kila shule itajaza lugha za wanafunzi wake. Pili, kila shule yenye somo hili iwe na ubao wa zana, ambapo umbo la kila zana limechorwa na majina yake kuandikwa chini. Ubao huo hufundisha msamiati na pia huonesha mara moja zana iliyopotea. Tatu, mafundi wa Nakivale na Mbarara waalikwe kwa vipindi maalumu na walipwe posho, bila kigezo cha Kiingereza, mwalimu wa somo akibaki msimamizi. Nne, vyuo vya ualimu viwaandae walimu wa Kiswahili kufundisha uandishi wa kiufundi: maelekezo, maelezo ya mchoro na ripoti ya jaribio. Tano, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, isaidie kuoanisha istilahi za usanifu kati ya nchi wanachama, ikiwamo Kongo iliyojiunga mwaka 2022.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba swali la nyenzo katika Teknolojia na Usanifu ni swali la lugha pia. Kijana wa Nakivale aliyekua akimshikia baba yake ubao wakati wa kuupiga randa anaingia darasani na ujuzi. Ujuzi huo ukikosa jina linalotambuliwa na shule, huhesabiwa kuwa haupo, na kijana mwenyewe huhesabiwa kuwa mjinga wa kitu anachokiweza. Kununua jiliwa na misumeno kutahitaji bajeti na muda. Kuyatambua maneno aliyokuja nayo kunaweza kuanza muhula ujao.