Mwanaprogramu Naye Ahitaji Sarufi

Katika kampuni kubwa za programu za tarakilishi, kazi hugawanywa: huyu huandika programu, yule huzijaribu, mwingine hutunga maneno atakayoyasoma mtumiaji. Katika kampuni ndogo ya watu watatu au wanne, aghalabu yote humwangukia mwanaprogramu mmoja. Yeye ndiye fundi na, pasipo kukusudia, ndiye mfasiri.

Hapo ndipo sarufi inapomnasa. Katika Kiingereza, kauli moja ya kuarifu kwamba kitu kimefutwa hutosheleza nomino zote. Mwanaprogramu huacha pengo, nayo tarakilishi hulijaza kwa jina la kitu. Kiswahili hakikubali. Ujumbe umefutwa, picha imefutwa, jina limefutwa, kitabu kimefutwa. Anayeandika “imefutwa” kwa vyote hajakosea hesabu, amekosea ngeli. Msomaji aonapo “ujumbe imefutwa” hudhani lugha ndiyo iliyoshindwa.

Wako wanaokata tamaa wakarejea Kiingereza. Je, ni lazima? La hasha! Mwaka 2004 mradi uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Dawa ni nyepesi: orodha ya nomino, kila moja na ngeli yake. Tarakilishi ikishaambiwa ngeli, hupatanisha bila kuchoka. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejiuliza ataajiriwa wapi na abishe hodi huko, orodha mkononi. Walimu nao wasiifundishe ngeli kama adhabu ya mtihani. Ni ujuzi wenye soko.